Hesabu ya Tofali

Mimi nahesabu kwa tofali.
Shilingi zinanichanganya, zina sifuri nyingi na hazitulii;
tofali unaliweka chini, kesho unalikuta.

Kiwanja kipo Nala, ishirini kwa ishirini na tano.
Upepo wa Julai ukipita pale unabeba hata jina lako.
Bikoni nne nimezipaka chokaa
ili ng'ombe wa Mbogoni wasije wakasema hawakuziona.
Ramani ilikuwa na vyumba vitatu, sebule,
na kibaraza cha kutazamia mlima.

Dirishani, mjini, alikaa kijana anaitwa Ndahani.
Mpole. Kalamu kaichomeka sikioni kama seremala.
"Mama, kuna ada ya kukagua ramani."
Tofali mia mbili.
"Kuna kibali chenyewe."
Mia tatu na hamsini.
"Na kuna mchango wa miundombinu. Barabara, mfereji."

Hapo nikanyamaza.
Mfereji ni kitu kizuri. Mwaka ule wa mvua
niliona kitanda cha jirani kikitoka nyumbani chenyewe,
na shuka lake limetandikwa.
Sikatai mfereji.
Nikauliza tu utafika lini Nala.
Akachungulia kompyuta
kama mtu anayechungulia sufuria ya mwenzake.
"Mfumo hauoneshi, mama."
Tofali elfu moja na mia moja.

Nilitoka na karatasi yenye namba ya malipo
ndefu kuliko ukuta wowote nitakaojenga.

Bibi yangu, kule Mvumi, alijenga tembe.
Ada yake ilikuwa mitungi miwili ya pombe ya uwele,
na walioinywa ndio waliobeba magogo.
Sisemi turudi huko.
Tembe ile ilidondosha udongo kwenye mlenda,
na nyoka walikuwa wapangaji wa bure.
Nasema tu: aliyekula ada
ulimwona jasho mgongoni.

Fundi Chedego aliichora nyumba mchangani,
kisha akaanza kuifuta kwa kidole gumba.
Kibaraza kikatangulia, kikalipa kibali.
Kisha chumba cha Mbeleje, wa kidato cha pili,
kikaenda kwenye mfereji.
"Atalala sebuleni," nikasema.
Mbeleje alikuwa amesimama palepale,
ndani ya chumba chake, kandambili zimejaa mchanga.
Hakusema kitu.
Alitoka kwa kupitia mlangoni,
ingawa ukuta haukuwepo.

Wenzangu walinicheka.
Wao hujenga Jumamosi na Jumapili, ofisi zikiwa zimefungwa.
Mmoja ana X nyekundu ubavuni mwa mlango;
ametundika kalenda juu yake.
Kila mwezi ukiisha anafunua ukurasa,
lakini kalenda haiondoi.

Niliuza zabibu misimu miwili,
za Machi na za Agosti,
ndoo kichwani, nyuki nyuma yangu kama wadai.
Nikalipa. Risiti tatu, nimezifunga kwenye nailoni
pamoja na cheti cha ubatizo.

Siku ya kuchukua kibali, Ndahani aliinama dirishani,
sauti akaishusha.
"Mama, vile viwili vikiisha, kimoja hutapangisha?
Ninapokaa wamepandisha tena."

Nikatoa daftari.
Simenti. Bati. Chedego na msaidizi wake.
Chini ya Chedego nikaandika: kukagua, kibali, mfereji.
Nikajumlisha, nikagawa kwa miezi,
nikamgeuzia karatasi
vilevile alivyonigeuzia yake.

Aliisoma taratibu, midomo ikicheza.
"Mbona kubwa hivi?"
"Kuna mchango wa miundombinu," nikasema.

Alicheka. Nami nikacheka, si sana.
Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi,
kila mtu na ramani yake imekunjwa kwapani.
Akagonga muhuri.

Chumba chenyewe kina dirisha moja.
Linatazama mahali mfereji utakapopita.